Uzi maalum kwa wanakwaya wa Dar: zimeni spika kwanza tusikie sauti zenu

Besi wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mwenye kwaya, aliyewahi kuimba kwaya akaacha, na yule anayesikilizishwa mazoezi ya kwaya ya jirani kila Jumatano usiku apende asipende, wote karibuni humu.

Nina hoja moja tu na naomba msinirukie mpaka mmalize kusoma. Kwaya za hapa mjini zina waimbaji wazuri mno ila hatuwasikii, tunachosikia ni spika. Unaingia kanisani pale mbele kuna kinanda, gitaa la besi, drams, spika mbili ndefu kumzidi mchungaji, waimbaji arobaini wamepewa maiki nne, sasa wale wanne wenye maiki ndio kwaya na waliobaki wote ni sare. Wangelala nyumbani hakuna ambaye angejua. Na kwa vile hakuna anayejisikia basi kila mtu anapandisha. Soprano (wanawake wa juu) anapiga kelele, tena (tenor, wanaume wa juu) naye anamjibu, alto (wanawake wa chini) kakata tamaa anafuata melodi ya soprano kwa chini, besi sisi wanaume wa chini tunanguruma tu maana hata tukiimba maneno ya wimbo mwingine hakuna wa kugundua.

Na hili la kupandisha sio jeuri wala ushamba wa mtu, ni mwili. Kuna daktari wa Ufaransa anaitwa Étienne Lombard, mwanzoni mwa karne iliyopita alionyesha kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni anapaza sauti bila kujua, ukiiondoa kelele anashuka mwenyewe. Ndio maana mwalimu akisema "punguzeni" watu wanapunguza mstari mmoja halafu wanarudi palepale, akikasirika wanapunguza miwili. Hawabishani nae, hawasikii.

Pendekezo: mazoezi yote yafanyike bila umeme. Kinanda kitoe sauti za kuanzia, do, mi, so, kisha kizimwe, watu wakae kwa kubanana nusu duara waimbe taratibu kiasi cha kumsikia jirani. Spika zije siku ya ibada kama kweli zinahitajika. Nenda St. Joseph pale Posta au Azania Front, yote mawili ya enzi za Mjerumani, wajenzi wake hawakuwa na wazo la maiki. Simama nyuma kabisa siku kwaya inaimba bila vyombo utaona ukuta wenyewe unakuletea sauti. Halafu sisi tunaingia mle mle na spika za harusini, ule mwangwi unageuka uji.

Karibuni tujadili ila matusi hapana.

Mpiga Kinanda Tabata

Mkuu leo umeamua kutugusa watu wa vyombo. Sikatai spika zimezidi ila usitubebeshe kila kitu. Mimi nikizima kinanda kwaya yangu inaanza kwenye ki (key, noti ambayo wimbo umesimamia) ya G, ubeti wa tatu tupo F na chenji, nikiwasha kwa ajili ya kibwagizo cha mwisho kanisa zima linanigeukia mimi kama mwizi, wakati mimi ndio niliyebaki pale tulipoanzia.

Halafu hayo makanisa ya ukuta mnene unayoyataja yako mjini huko. Sisi wengine juu ni bati, pangaboi kumi zinaunguruma, nje konda anaita abiria, masika ikianza hata mahubiri yanasimama. Hapo utaimba na sauti tupu umuimbie nani?

Besi wa Mbagala

Kaka kwenye bati na mvua nimenyoosha mikono, siku hiyo washa kila ulichonacho. Ila hilo la kushuka ki ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi. Kinanda hakijawatibu hao watu wako, kimewafunika tu.

Kushuka kuna mahali pake, hakuji popote. Noti moja ikirudiwa rudiwa, so so so so, kila ukiirudia inalegea kidogo. Kupanda kutoka re kwenda mi au la kwenda ti watu wengi hupanda kahatua kafupi, kushuka wanashuka hatua kubwa, sasa fanya hesabu beti nne utakuwa wapi. Pumzi nayo inaisha kabla ya mstari. Na uchovu, tusidanganyane, mtu katoka kazini saa kumi na moja kasimama kwenye mwendokasi kubanwa mpaka Gerezani kaunganisha nyingine, kafika mazoezini hajala, unamwambia shikilia fa ya juu mapigo manne. Itashuka tu.

Dawa yake ni kwamba mwisho wa kila ubeti wewe gusa noti moja tu, usicheze, guusa. Waone wenyewe wamefika wapi. Wakipajua mahali wanaposhukia watapatengeneza, wasipopajua utawabeba mpaka unastaafu.

Na kuna hili ambalo utanichukia nalo. Mi ya kinanda sio mi ambayo sikio linaitaka. Kinanda kimekatwa vipande 12 sawasawa ndani ya oktavu (do mpaka do ya juu yake) ili kiweze kupiga ki zote, kwa hiyo mi yake juu ya do imezidi kama senti 14, senti ni kipimo cha umbali wa noti, kila kipande kimoja cha hivyo 12, yaani nusu hatua, ni senti 100. Ni kidogo sana, peke yake huwezi kuitambua. Lakini kwaya ikiimba do mi so bila chombo, mwenye mi akashuka hicho kiduchu, ile kodi (chord, noti tatu zikilia pamoja) inakaa na inaanza kulia, unasikia kuna sauti ya juu hewani na hakuna mtu anayeiimba. Waulize waliowahi kuisikia. Kwenye kinanda hutaipata hata ununue cha milioni ngapi.

Kijana wa Ufufuo

Wazee mnachosha. Watu wanakuja kucheza mbele za Bwana nyie mnataka kuwasinzisha. Kwaya bila drams ni ya msibani. Na hata huyo Handel wenu mnayemuimba kila Krismasi kwenye Haleluya yake aliweka tarumbeta na ngoma, nimecheki mwenyewe hahaha

Sopu wa Sinza

@Kijana wa Ufufuo hapo kwenye Handel umewapata, ni kweli ngoma zipo. Ila alitunga 1741, hizo ngoma zilipigwa na mtu sio na umeme wa TANESCO 😂

Besi wa Mbagala

Kijana umesema msibani, asante sana umenisaidia hoja. Hivi umewahi kukaa nje ya nyumba ya msiba usiku, chini ya turubai, viti vya plastiki vimebanana, mama mmoja tu anaanzisha, hakuna aliyepanga sauti, na wimbo unakaa sauti nne kamili? Watu walewale! Jumapili wakiwa na vyombo wanapiga kelele, Jumanne msibani wanaimba mpaka nywele zinasimama. Mchawi ni nini kama sio spika? Pale kila mtu anamsikia aliyekaa kushoto na kulia kwake. Na wenye umri wetu wanakumbuka Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere alipofariki, redio ilikuwa inapiga nyimbo za maombolezo za TOT (Tanzania One Theatre) ya marehemu Kapteni Komba, watu walikuwa wanalia kwenye daladala. Ni ile sauti ndiyo iliyokuwa inawaliza.

Sipingi drams. Wekeni drams juu ya kwaya inayojua kuimba. Tatizo siku hizi zinawekwa badala yake. Ndio mambo ya studio wanaingia wanane, kwenye video wanaonekana hamsini wanachezesha midomo.

Ustadh wa Magomeni

Assalaam aleykum na habari zenu ndugu zetu. Mimi si mtu wa kwaya, nimefundisha qaswida madrasa muda mrefu, naona ugonjwa wenu na wetu ni mmoja. Zamani vijana waliimba na dufu tu, dufu haliwezi kukufichia kitu, ukikosea mahadhi mtaa mzima umesikia. Siku hizi wameingiza kinanda na ile mashine ya kunyoosha sauti, kijana hana pumzi ya mstari mmoja lakini kwenye simu anasikika malaika.

Anayetaka kuona watu wazima wanavyotumia sauti kwa pamoja akaangalie Maulidi ya Homu kule Unguja. Wanapiga magoti safu moja, wanayumba pamoja, wanaitikia pamoja, na pumzi wanavuta pamoja maana mwili mzima ndio unaoongoza. Mkiwa mnayumba pamoja hamwezi kuachana kwenye kuingia. Sijui kama makanisani inaruhusiwa ila mazoezini jaribuni.

Besi wa Mbagala

Waaleykum salaam Ustadh. Inaruhusiwa sana, na umegusa kitu kizito. Kuna watafiti wa Gothenburg huko Sweden 2013 waliwafunga waimbaji vipimo vya moyo wakakuta mapigo yanapanda na kushuka kwa pamoja wakiimba wimbo wa mistari mirefu, sababu ni kwamba wanavuta na kutoa pumzi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayesema kwaya ni pumzi hajakosea.

Sopu wa Sinza

Naomba nitoke kidogo nje ya mada jamani. Sauti yangu inakauka kila baada ya ibada, Jumatatu nikiamka naongea kama mwanaume. Mpiga kinanda wetu kila ubeti anapandisha ki nusu hatua, wa mwisho tunaimba mpaka mishipa ya shingo inatoka na yeye anacheka. Nimeambiwa ninywe yai bichi, wengine tangawizi na asali, wengine wanasema ninong'one tu nisiongee. Kipi kinafanya kazi?

Mpiga Kinanda Tabata

Sio mimi huyo wakuu, mimi wa Tabata.

Mwalimu wa Solfa

Binti yangu hilo halipo nje ya mada, ndilo mada yenyewe.

Nyuzi za sauti ni vikunjo viwili vidogo vya nyama laini ndani ya koromeo. Ukiimba noti ya la (A) ile ya 440 vinagongana mara 440 kwa sekunde, ukienda la ya juu yake ni 880. Sasa mtu huyo akupandishie nusu kila ubeti, halafu uimbe kwa kusukuma maana hujisikii, vitavimba tu. Ukiendelea miaka vinaota vinundu, nimewaona walimu wa shule za msingi wenye madarasa ya watoto mia wakiishia hivyo, kwaya hawajawahi kuimba.

Yai bichi halifiki huko. Chochote unachomeza kinapita njia ya chakula, kikipita njia ya sauti utapaliwa. Hata maji hayalowanishi nyuzi kwa kupita, yanazilowanisha kwa kuingia mwilini kwanza, ndio maana unywe tangu asubuhi, sio kubugia chupa nzima dakika moja kabla ya kuingia mimbarini. Tangawizi na asali kunywa kwa raha yako, koo la juu litapata nafuu. Kunong'ona usinong'one, wengi wananong'ona kwa kukaza na ni mzigo palepale, bora ukae kimya au uongee polepole kwa sauti ya kawaida. Na uache kukwaruza koo, ile "ehem ehem" ya waimbaji kabla ya wimbo ni kuzigonganisha nyuzi kwa nguvu bure.

Kabla ya kuimba fanya mlio wa midomo kutetema, brrrr, wa watoto wakiendesha gari la mchangani, upande na kushuka nao. Kisha mmmm mdomo umefungwa. Dakika kumi zinatosha. Sauti ikikauka ikapita wiki 3 haijarudi nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, waingize kamera waone, usikae na ushauri wa humu.

Na mwambieni huyo mpiga kinanda kwamba kupandisha ki ni kiungo, anakipika kama chakula.

Sopu wa Sinza

Shikamoo mwalimu, asante sana. Nimemtumia huyo mtu link ya huu uzi 🙏

Mgogo wa Kimara

Mnaongea yote haya mmesahau kwamba nyumbani kwenu yapo. Nendeni Dodoma mkasikilize Wagogo. Hakuna kinanda, hakuna nota, hakuna aliyemfundisha mtu alto, na sauti zinatoka tatu nne zinapishana hadi unachanganyikiwa. Marehemu Hukwe Zawose alizunguka dunia nzima na zeze, ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) na koo lake, alikuwa anatoka sauti ya chini ya kukoroma mpaka juu kabisa ndani ya pumzi moja, wazungu wanabaki midomo wazi. Alikuwa Bagamoyo pale chuo cha sanaa, si mbali toka hapa. Ni kwaya ngapi za Dar zimewahi kwenda kujifunza pale? Mnakimbilia YouTube kuiga za Nairobi na Johannesburg.

Kijana wa Ufufuo

Hapo kwa Zawose nimekubali, nimetoka kusikiliza sasa hivi. Lile sio koo ni mtambo

Mwalimu wa Solfa

Mgogo umesema kweli, nami naongeza hapo kwenye nota. Vijana wa leo wanajifunza wimbo kwa kutumiwa audio WhatsApp, kila sauti na audio yake. Wanakariri na makosa ya aliyerekodi, akikohoa na wao wanakohoa. Solfa ingewakomboa. Chanzo chake ni mwalimu wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaiendeleza kwenye miaka ya 1840 kwa nia moja, watu wa kawaida wasio na piano waweze kusoma wimbo. Herufi tu, d r m f s l t, nukta pacha za kugawa mapigo na kistari cha kuvuta. Unaichapa kwa mashine yoyote, unaandika ubaoni kwa chaki, ndio maana ilienea Afrika yote kupitia misheni. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya karibu na Johannesburg, mwaka 1897 alipotunga ule wimbo ambao leo ndio sauti ya wimbo wetu wa taifa na wa Zambia, aliuandika kwa solfa. Ulianza kama wimbo wa kwaya ya shule.

Jambo la pili, irabu. Mungu ametupa lugha ya irabu tano safi na karibu kila silabi inaishia na irabu, hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa kwaya. Kwaya za nje zinaimba Sala ya Bwana ya Kiswahili ile aliyoitungia muziki Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu la kompyuta, ikapata Grammy 2011, na inawakaa vizuri mdomoni hata wasiojua maana. Sisi wenyewe tunazichafua. Alto anaimba "e" ya mdomo mpana, soprano "e" ya mdomo mwembamba, halafu wanasema wamekosana ki. Hawajakosana ki, wamekosana mdomo. Na ile M ya Mtakatifu, ina noti yake peke yake, iimbeni kwa midomo iliyofungwa na sauti itoke puani, msiifanye "Mutakatifu". Nimesema hili tangu enzi za Mzee Ruksa na bado.

Mgeni wa Kwaya

Samahani wakuu mimi ndio naanza. Nimejiunga juzi, mwalimu kanisikiliza sekunde mbili akasema "nenda besi". Nikiimba chini sauti haitoki, inabaki hewa. Nikienda kwa tena juu inapasuka. Nifanyeje au niwe mbeba spika tu?

Besi wa Mbagala

Hahaha usibebe spika ndugu yangu, tunataka zipungue. Wewe ni baritoni, na wanaume wengi tuko hapo hapo katikati, kwaya za sauti nne hazina kiti chetu kwa hiyo tunasukumwa upande mmoja. Mwalimu akiangalia noti ya chini kabisa au ya juu kabisa unayoweza kuikwangua anakosea, aangalie sehemu unayoweza kukaa wimbo mzima bila kuchoka. Jaribu hivi, imba wimbo unaoujua kwa raha ya kuongea, halafu panda nusu nusu. Pale sauti inapoanza kutaka kugeuka paweke alama. Ikigeuka mapema, chini ya mi ya juu ya wanaume, kaa besi na noti za kina waachie wenye kifua, wewe imba za katikati. Na kama una miaka kumi na minne au kumi na tano tulia kabisa, koromeo bado linakua, sauti ya mvulana inashuka karibu oktavu nzima, usikaze chochote.

Mgeni wa Kwaya

Nina thelathini na mbili mkuu 😅 nakaa besi basi

Mpiga Kinanda Tabata

Sawa, nimesoma yote. Alhamisi nitazima, ila nipeni wimbo mwepesi wa kuanzia maana nikiwapa mgumu bila chombo watanikimbia.

Besi wa Mbagala

Mwalimu kashakupa jibu hapo juu. Anza na wimbo wa taifa wa sauti nne. Soprano wote wanaujua tangu darasa la kwanza kwa hiyo hupotezi muda kufundisha melodi, unaenda moja kwa moja kwa alto, tena na besi. Kwanza waimbe bila maneno, "nu nu nu", kwa sauti ya chini kabisa, mtu akishindwa kumsikia wa pembeni yake basi amezidisha. Anzia G, ukimaliza ubeti gusa noti moja. Wakishuka usiwakemee, waulize swali tu, "tumeshukia wapi?", wataanza kunyoosheana vidole, vizuri, hiyo ndio dalili wameanza kusikiliza.

Nota za solfa ninazo kwenye karatasi ya zamani imefifia, kesho nikitoka kazini naipiga picha naiweka hapa hapa. Msinifuate PM kila mtu na lake, na huyo mpiga kinanda wa Sinza kama amefika aseme kitu.